Donge la kuchezea, donge la kula

"Mwalimu, donge limelia."

Mama wa mmoja wa watoto wetu aliniandikia hivyo usiku, masika yakiwa yameshika, akaambatanisha na picha. Donge la kijani walilolitengeneza yeye na mwanawe siku nne kabla lilikuwa limekaa kwenye maji yake lenyewe ndani ya kopo, linateleza, halishikiki. Na mtoto alikuwa amelala kwa kilio, maana mchana ule ndio alikuwa ameahidiwa kumfinyanga mamba.

Malalamiko ya aina hii yananifikia mara nyingi tangu tuanze kuuza vifurushi vya donge la kuchezea hapa kituoni, na naona haifai kuwajibu wazazi mmoja mmoja kwa ujumbe mfupi. Kituo chetu kiko Tanga mjini, tunalea watoto wa miaka 2 hadi 5 mchana. Vifurushi vilianza kwa sababu wazazi wakija kuchukua watoto jioni walikuwa wanauliza tunanunua wapi lile donge la rangi. Hatukulinunua. Tulilipika jikoni, watoto wakiwa wamesimama mlangoni wakituhesabia vikombe. Kifurushi ni vitu vilevile vimepimwa tayari, kwa mzazi asiye na muda wa kupima. Mwenye muda hakihitaji, na kipimo chenyewe ni hiki: unga wa ngano vikombe viwili, chumvi laini kikombe kimoja, maji vikombe viwili, mafuta ya kupikia vijiko viwili vikubwa, na maji ya ndimu vijiko vinne vikubwa. Changanya vyote sufuriani kabla ya kubandika, hadi mabonge yaishe, ndipo uwashe moto mdogo na usonge kwa mwiko kama unavyosonga ugali, bila kuondoka. Mwanzoni utaona uji tu. Kisha utaanza kushikana, na ghafla wote utaachia sufuria na kuwa donge moja. Hapo epua, mimina juu ya meza, likipoa kiasi cha kuvumilika mkononi ulikande kama unga wa chapati mpaka liwe laini.

Sasa kwa nini linalia? Chumvi inavuta maji kutoka hewani. Huanza kufanya hivyo unyevu wa hewa ukifika takriban asilimia 75, na huku kwetu pwani asubuhi nyingi za masika hupita hapo. Ni kitu kilekile unachokiona kwenye kikopo cha chumvi cha mezani kinapolowa na kugandamana. Donge lina kikombe kizima cha chumvi, kwa hiyo likiachwa wazi usiku mmoja linakunywa hewa. Wapo wanaolifunga kwenye mfuko wa karatasi, au wanaliacha ndani ya bakuli lililofunikwa sahani. Haitoshi. Linataka kopo lenye mfuniko unaobana, na ulifunge likiwa limepoa kabisa, maana joto likifungiwa hugeuka matone ndani ya mfuniko na kudondokea donge.

Sababu ya pili, na hii ndiyo niliyoikuta kwa mama yule nilipomuuliza, ni kuepua mapema. Donge linapoanza kushikana, mtu huona limeiva. Bado. Likibonyezwa kwa kidole na kidole kikatoka kimenata, lirudi motoni dakika nyingine moja au mbili. Habari njema ni kwamba lililolia halijafa. Mwaga yale maji, lirudishe sufuriani kwenye moto mdogo, nyunyizia kijiko cha unga, songa tena. Mamba wake alifinyangwa kesho yake. Ila likiota ukungu, hata kidoa kimoja, litupeni tu, msilikwangue.

Kuna pia wanaojaribu kwa unga wa sembe kwa kuwa ndio uliopo ndani. Nawaelewa, lakini mahindi hayana ule mnato wa ngano unaofanya donge livutike, na mtoto atapata kitu kinachomeguka kama ugali wa jana.

Rangi za dukani za chakula zinafaa, matone machache tu. Mimi napenda zaidi manjano, kwa sababu inakuja na mchezo wake. Tia kijiko kidogo cha manjano kwenye maji kabla ya kupika, donge litatoka njano kali. Likishapoa, kata kipande, mpe mtoto chembe ya magadi akande nacho: kitageuka chekundu-kahawia mikononi mwake. Mkamulie ndimu juu, njano inarudi. Nimeona mtoto wa miaka minne akirudia hivyo mara saba bila kuinua kichwa. Nguo ziwe za kuchezea, manjano haitoki kirahisi.

Nitaje hili kwa kuwa wazazi wengine hudhani donge la nyumbani ni mbadala wa maskini kwa lile la dukani. Lile la dukani lenye jina kubwa, Play-Doh, lilianza kama donge la unga, maji na chumvi lililouzwa na kampuni ya Kutol ya Cincinnati, Marekani, kwa ajili ya kusafishia masizi ya makaa ya mawe kwenye karatasi za ukutani. Watu walipoacha kupasha nyumba joto kwa makaa, biashara ikadorora. Mwalimu wa watoto wadogo, Kay Zufall, ndiye aliyewapa wanafunzi wake donge lile walifinyange, akamwambia shemeji yake Joe McVicker, mtu wa kampuni ile, alichokiona. Mwaka 1956 likaingia madukani kama kitu cha kuchezea. Yaani ni mwalimu wa chekechea aliyeona kwenye unga na chumvi kile ambacho wenye kiwanda hawakukiona.

Jambo jingine linalonijia mara kwa mara hutoka kwa mabibi. Bibi mmoja alikuja kumchukua mjukuu, akakuta meza imejaa madonge, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, riziki haichezewi." Sikumpinga, na sitawapinga wanaofikiri kama yeye. Nyumba iliyowahi kulala njaa haiangalii kikombe cha unga kwa wepesi, na mimi nimekulia nyumba hiyo. Tangu siku ile tunafanya mambo mawili. Unga tunaoutumia ni ule ulioingia fukusi au uliokaa sana dukani, ambao muuzaji tunayemzoea hutuwekea. Tunauchekecha na kuupika, haungeingia kwenye chapati ya mtu. La pili, tunafinyanga kwa udongo zaidi kuliko kwa unga. Udongo wa kichuguu ni mlaini ajabu ukichekechwa. Uchimbwe mbali na choo na mbali na pale kuku na paka wanapojisaidia, uanikwe juani siku kadhaa, kisha uloweshwe. Baada ya mchezo mikono ioshwe kwa sabuni, kucha zisuguliwe, kwa ajili ya minyoo. Bibi yule siku hizi akija anakaa na watoto, anawaonyesha kufinyanga chungu kwa kuzungusha nyoka wa udongo, ufundi ambao hakuna mwalimu wetu aliyekuwa anaujua.

Lakini kinachonisumbua kuliko yote ni hiki. Mtoto wa miaka miwili hajui tofauti ya donge la kuchezea na donge la mandazi. Yote meupe, yote laini, yote yanatoka mikononi mwa mama. Na donge la kuchezea lina chumvi nyingi mno. Nilipiga hesabu kwa kipimo changu: kipande cha gramu 30, ukubwa wa ndimu ndogo, kina chumvi gramu 8 hivi. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima. Ladha yake ni kali, mtoto akionja kidogo huwa anatema, na mara nyingi hakuna linalotokea zaidi ya kumpa maji anywe. Akimeza kipande kikubwa, au akaanza kutapika au kulegea, apelekwe hospitali bila kusubiri. Mabaki msiwamwagie kuku. Chumvi nyingi inawaua.

Ndiyo maana hatuuzi donge ambalo halijapikwa, ingawa ni rahisi zaidi na wengi wanalifundisha hivyo. Unga mbichi nao unaweza kuwa na bakteria kama E. coli na salmonela, na mtoto hawezi kucheza saa nzima asipeleke kidole mdomoni.

Njia tuliyoiona inafanya kazi kwa watoto wadogo ni kutenganisha mahali. Donge la kuchezea linachezewa mkekani, barazani, na lina rangi kila mara, hatulitengenezi jeupe. Donge la kula liko jikoni, mezani, lina rangi yake ya asili, na linaguswa baada ya kunawa. Tunayasema hayo kwa maneno yaleyale kila siku: "Hili la mkekani, lile la mezani." Baada ya wiki chache watoto wenyewe wanakumbushana.

Kwa donge la mezani hakuna linalofikia vileja. Unga wa mchele nusu kilo, samli robo, sukari iliyosagwa robo, yai moja, iliki. Mtoto aponde iliki kwenye kinu kidogo, kazi ambayo itamchukua muda mrefu na nyumba nzima itanukia. Achanganye samli na sukari kwa mkono, wewe utie yai na unga. Kisha muachie aviringe vidonge na kuvibonyeza kwa uma vipate mistari. Vitatoka vya ukubwa tofauti, kimoja kama kifungo cha shati, kingine kama kofia. Viacheni hivyo, ila vidogo na vikubwa viokwe kwa zamu. Asiyekuwa na oveni apalie makaa juu na chini, yale ya chini yawe machache. Moto ni wa mtu mzima peke yake, na kuonja kunangoja vitoke, kwa sababu ya lile yai.

Kashata sifanyi na watoto wadogo. Wazazi wananiuliza kwa kuwa ni rahisi na kila mtu anazipenda, lakini sukari ikichemka inapita joto la maji yanayochemka, na ikimrukia mtoto inagandia ngozini. Pikeni wenyewe, mtoto apewe kazi ya kunyunyizia nazi kwenye sinia.

Siku za joto tunafanya barafu za ubuyu. Mbegu za ubuyu zinaloweshwa kwenye maji safi ya kunywa, mtoto anakoroga kwa mwiko mpaka unga wake uachie na maji yawe mazito kama maziwa. Chuja, tia sukari kidogo, mimina vikombeni, weka kwenye friza. Mbegu zihesabike zote zimetoka. Kwa mtoto chini ya miaka mitano mbegu ya ubuyu ni hatari ya kupaliwa sawa na karanga nzima.

Na kwa siku ambayo huna unga wala nguvu, kata kikonyo cha jani la mpapai. Ndani kina uwazi kama mrija. Kiache utomvu ukauke, kisuuze, changanya sabuni ya vyombo na maji na sukari kidogo, mtoto apulize mapovu uani. Mwambie apulize tu, asivute.

Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, kituo kiko wazi kwa mzazi na mtoto pamoja, hata kwa wasio wanafunzi wetu. Tutapika donge barazani kwanza, kisha tutanawa na kuingia jikoni kwa vileja. Mje na kopo lenye mfuniko unaobana. Na yeyote ambaye donge lake limelia nyumbani alibebe hivyohivyo lilivyo, tutalirudisha motoni naye.