Chembe za nano zikizidi, utando unaharibika

Mhariri,

Wanaochuja maji ya rangi ya viwanda vya nguo wasidhani kwamba chembe za nano, zile ndogo mno zisizoonekana kwa macho, zikijazwa tele ndiyo utando wa kuchujia unakuwa bora. Poliethasalfoni, yaani plastiki (polima) inayotengenezewa utando, yenyewe haipatani na maji, kwa hiyo rangi huganda juu yake na vitundu huziba. Grafini oksidi, ambayo ni chembe za nano za kaboni, huufanya utando uvute maji, ila nusu asilimia hivi ya uzito wa polima yatosha. Ikizidi, chembe hushikana mabonge, na pembeni mwa bonge rangi hupata njia.

Chembe zitangulie kwenye kiyeyushi, yaani kimiminika cha kuyeyushia polima, zitawanywe kwa mtambo wa mawimbi ya sauti kama nusu saa, ndipo polima itiwe, asilimia 16 hadi 18 ya mchanganyiko. Mapovu yaachwe yatoke usiku kucha kabla ya kuutandaza mchanganyiko kwenye kioo na kuutumbukiza majini ugande uwe utando. Povu likibaki, hilo ni tundu.

Tena grafini oksidi ina chaji hasi: husukuma rangi ya kongo redi, yenye chaji hasi pia, lakini rangi ya methilini bluu, yenye chaji chanya, huinasa. Saa ya kwanza maji hutoka maangavu, kumbe utando unajaa rangi tu. Majaribio ya dakika 30 hayaonyeshi hilo.

Mdau wa maji,
Morogoro