Alifu kwa ujiti, Golders Green

London, Desemba

Bibi yangu,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanitafuna. Pesa ya dawa nimeituma kwenye simu ya Mjomba. Akisema haijaingia, mwambie asome meseji tena.

Uliniuliza kama yule mzee wa Kiyahudi ninayemtunza ananisumbua. Hanisumbui, Bibi. Ila nyumba imegeuka chuo.

Mzee alikuwa mwalimu wa hesabu, na mambo ya dini hakuyashughulikia. Mkewe alipofariki ikabidi asome Kadishi, sala yao ya wafiwa, kaburini, akaisoma kwa herufi za Kizungu, anajikwaa kila neno. Aliona haya sana. Basi na miaka yake 78 ameanza alifu kwa ujiti, tena ujiti kwelikweli: herufi yao ya kwanza ni alefu, ya pili beti, na wanaandika kutoka kulia kama sisi chuoni. Jioni namshikia kitabu. Daleti na reshi zinamtesa, ni kama be na te ukisahau vitone. Daleti imetokeza kisogo kidogo nyuma, reshi imeviringa, basi. Na Kadishi yenyewe kumbe karibu yote ni Kiaramu, si Kiebrania. Alipoambiwa hivyo alifunga kitabu akaomba chai. Lakini mwezi wa tatu mwaka wa mkewe unatimia, na anataka aisome kwa herufi zake zenyewe.

Asubuhi, kabla hajashuka kitandani, anasema sentensi moja ya kushukuru kurudishiwa roho. Haina jina la Mungu ndani, ndiyo maana anaweza kuisema hajanawa. Kisha namletea beseni na kopo lenye mikono miwili: anamimina kulia, kushoto, kulia, kushoto, hadi kila mkono upate mara tatu. Siku ya kwanza nilikaa nikisubiri asukutue.

Kazi iko jikoni. Nyama na maziwa havikutani: sufuria mbalimbali, vijiko mbalimbali, hata dodoki. Vya nyama tumevifunga utepe mwekundu, vya maziwa bluu. Mwezi uliopita nikakoroga chai ya maziwa inayochemka kwa kijiko cha nyama. Wallahi nilitaka kukificha. Nikaungama, Mzee akampigia rabi wake, na rabi hakugomba, alihoji kama kadhi. Chai ilikuwa ya moto? Kijiko cha chuma au cha mti? Mara ya mwisho kiligusa chakula cha nyama cha moto lini? Nikahesabu: juzi mchana. Saa 24 zilikuwa zimeshapita, kwa hiyo chai ikanywewa, sufuria ikasalimika, na kijiko kikawekwa kando, kesho yake kikatumbukizwa kwenye maji yanayotokota. Sijamwona Mzee akifurahi vile tangu nije. "Hii ni hesabu!" anasema.

Ijumaa, saa kumi haijafika jua limeshazama, na mishumaa lazima iwashwe kabla. Toka hapo ni Sabato: Mzee swichi haigusi mpaka nyota za Jumamosi zionekane, wala haruhusiwi kunituma. Juzi tukasahau taa ya chumbani ikiwaka. Akakaa kitandani, akaiambia dari: "Sijui mtu atalalaje na mwanga huu." Nikaizima. Sabato ilipokwisha akanieleza kwamba kudokeza hivyo kunaruhusiwa, kuamuru hapana. Nikamwambia mimi nimelelewa na mwanamke wa Pangani anayesema na jirani kwa kanga, dokezo halinipiti.

Sasa ana ombi kwako. Nimemsimulia watoto wote uliowasomesha ubarazani, naye anauliza: aliyekuwa akichanganya be na te ulimfanyaje? Bakora usiitaje. Mjomba akurekodi, atume kabla ya Jumapili, maana ndiyo siku mwalimu wake anakuja.

Mjukuu wako