Risala kwa Mgeni wa Heshima: Nyua za Miti Mashambani na Tangi Tunalolisubiri

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima na ujumbe ulioandamana nawe, Bwana Chifu, Mwalimu Mkuu uliyetupa uwanja na kivuli cha miembe ya shule, wazee wetu, kina mama, wanafunzi wa Klabu ya Mazingira: asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Karibu mashambani. Umeiacha lami ya Malindi ukaingia mchangani mpaka kutufikia, na hilo tumelipokea kwa mikono miwili.

Kikundi chetu kilianza mwaka 2018, baada ya viwavijeshi vilivyoingia nchini mwaka 2017 kutumalizia mahindi. Tulikuwa wanachama 9, leo tuko 30, wengi wetu kina mama. Nia yetu ni moja: kurudisha nyua za miti kwenye mipaka ya mashamba kama zilivyokuwa zama za wazazi wetu, kabla kila mtu hajakimbilia seng'enge.

Kazi iliyofanyika si haba. Tumepanda ua wa zaidi ya kilomita 2 katika mashamba 11, na hatujasikia kijiji jirani kilichotufikia. Watu wamevuka mto Sabaki kuja kutuomba vipandikizi vya minyaa. Siku ya kitaifa ya kupanda miti, tarehe 13 Novemba 2023, wanafunzi hawa walipanda mkwaju mbele ya ofisi ya shule, na mkwaju huo ungali hai.

Ua tunaousema, Mheshimiwa, si wa mmea mmoja. Nje tunachomeka minyaa, maana utomvu wake mkali humfukuza mbuzi. Ndani tunapanda mchongoma na mhina, na kila baada ya hatua kumi mkwaju mmoja wa kwenda juu. Mhina ukichanua, nyuki hujaa mpaka ukisimama hapo humsikii vizuri anayekuita, na nyuki hao hao ndio wanaohudumia maembe, mikorosho na matango yetu. Shore hujenga humo na kuwalisha makinda yao wadudu wa shambani. Bundi, tuliyekuwa tukimpiga mawe kwa kumwona ndege wa mkosi, sasa tunamwacha, kwa kuwa usiku hushuka kula panya wa kwenye mahindi.

Mwezi wa Mei msichana mmoja wa Gredi ya 6 alikuwa akisaidia kupogoa. Aliinua tawi la mchongoma akakuta mayai 5 ya kwale juu ya majani makavu, bado yana joto. Alilirudisha tawi polepole, akafunga kitambaa chekundu juu yake ili panga la mtu lisipite hapo. Siku chache baadaye vifaranga walionekana wakikimbia katika kunde za bibi yake. Kwenye seng'enge kwale hatagi. Na kwa kuwa Msitu wa Arabuko-Sokoke ni jirani yetu, ua uliounganika shamba kwa shamba huwapa ndege, vinyonga na vipepeo njia ya kupita bila kukatiza uwanja mtupu. Wenzetu wa Gede, wanaofuga vipepeo na kuwauza ng'ambo wakingali pupa, yaani bado wamo kifukoni kabla ya kuota mbawa, tangu mwaka 1993, wanaijua thamani ya kichaka.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tukualike. Tunalisema kwa heshima zote, ila hatutalizungusha. Ni maji ya kitalu.

Mnyaa ukichomekwa huota wenyewe. Mchongoma, mhina na mkwaju hutaka kulelewa kitaluni, na malezi hayo huangukia miezi ya kaskazi, Januari hadi Machi, ili masika ikianza miche iwe tayari. Yaani tunayahitaji maji wakati ule ule ambapo hayapo. Kina mama huyafuata kwa madumu ya lita 20 mwendo wa kilomita moja na nusu, na dumu hilo lina chungu, lina watoto na lina ng'ombe kabla halijaufikia mche. Msimu uliopita tuliotesha miche 3,000. Masika ilipofika ilibaki 410. Tuliitoa ile mikavu mmoja mmoja ili vifuko vitumike tena. Kazi hiyo ilichukua mchana mzima, na hakuna aliyezungumza sana.

Ombi hili si geni. Mwaka 2019 mgeni wetu wa heshima alituahidi tangi la lita 10,000 kabla ya Ramadhani. Mwaka 2021 mgeni mwingine alitutaka tujenge msingi kwanza, ili fedha zisikwame. Tulichanga, tukanunua saruji mifuko 14, vijana wakabeba mawe, na wiki mbili hazikuisha msingi ukawa umesimama. Mwaka 2023 mgeni wa tatu aliupiga picha msingi huo akatusifu. Wote tunawashukuru kwa kufika, na majina yao hatuyataji, kwani hatukukuita kuja kusengenya watu. Lakini msingi upo, Mheshimiwa, hatua arubaini kutoka ulipoketi. Umeanza kupasuka upande wa kibla, na juu yake watoto huanika kunde. Ofisini tumekwenda mara 6. Safari ya mwisho tuliambiwa faili letu halionekani. Nakala zote anazo mweka hazina, na amekuja nazo.

Tunaomba tangi moja la lita 10,000 na bomba la mita 600 kutoka kwenye laini kubwa ya maji. Mtaro tutauchimba wenyewe, mita 20 kila mwanachama, na vipande tumeshagawana. Hatuombi semina wala fulana. Na kama mwaka huu wa fedha haiwezekani, tunakusihi utuambie leo, hapa hapa, tusioteshe tena miche ya kufa.

Kitabu cha wageni kiko mezani. Ahadi tatu zilizotangulia zimo humo kwa mwandiko wa waliozitoa. Tunakuomba, kabla ya chakula, utembee nasi hadi kitaluni uuone msingi, kisha uandike tarehe kwenye ukurasa unaofuata. Mbegu tunazisia wiki ya kwanza ya Januari.

Ahsante sana.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya kamati na wanachama wote.