YAH: MICHE YA MARIGODI NA SALVIA ILIYONIFIKIA IMESHACHANUA

Moshi,
24 Aprili.

Meneja Mkuu,
Kitalu cha Miche,
Arusha.

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Salamu mtanisamehe, nitazileta siku nyingine.

Niliagiza kwenu trei 25 za tundu 128, yaani miche 3,200: marigodi ndefu trei 15, salvia nyekundu trei 10. Sikuagiza maua. Niliagiza miche. Tofauti mnaijua kuliko mimi, maana karatasi mliyoibandika mlangoni kwenu inasema mche wa marigodi unatoka kwenye trei wiki ya tano, kabla haujaweka kitumba. Trei zilizoshushwa kwangu tarehe 3 zilikuwa na maua yaliyofunguka wazi, na mengine yalishaanza kusinyaa. Mche wa namna hiyo si mche. Ni ajuza aliyevishwa gauni la kipaimara.

Nilichomoa mmoja mbele ya dereva wenu. Mizizi ilikuwa ya kahawia, imejizungusha mpaka imechukua umbo la tundu, imetoka nzima kama jino lililong'olewa. Majani ya chini manjano. Dereva akaniambia, "Mama, mimi napeleka tu." Yeye sina ugomvi naye.

Ofisi yenu kwenye simu ikasema nilete sampuli. Sawa. Nikapanda kosta asubuhi na trei mbili mapajani, Moshi mpaka Arusha, maji yakinichuruzikia kwenye kitenge. Msimamizi wenu wa kitalu, kijana anayelingana na mwanangu wa pili, hakuangalia mizizi. Alichuma ua lililokuwa kubwa kuliko yote, akaliweka juu ya risiti yangu, akasema: "Mama, si ulitaka maua? Haya hapa, tena umewahishiwa." Wakacheka.

Nimefanya bustani za watu miaka kumi na minne. Sihitaji kuelezwa kwamba marigodi ndefu ni mmea unaosukumwa kuchanua na usiku mrefu, na kwamba huku kwetu karibu na ikweta mchana ni saa kumi na mbili na dakika chache tu mwaka mzima, na usiku unaobaki unatosha kuisukuma, hivyo ukiichelewesha kwenye tundu dogo, ukaibania maji na chakula, inaona maisha yamekwisha na kukimbilia kuzaa. Kila mwenye kitalu anajua. Ndiyo maana wenzenu wanaiwashia taa usiku au wanaitoa mapema. Ninyi mliiacha. Na siku ya kuagiza, mwezi wa pili, niliuliza mara mbili: imesiwa lini? Nikajibiwa, "Mama, hii ni mibichi." Kwenye trei saba kile kibandiko cha tarehe ya kusia kimekwanguliwa kwa kucha. Kwa nini mtu akwangue tarehe?

Mtasema ningekata maua, nikapanda, mche ungejirudi. Nimekata. Vijana watatu, siku mbili, wameinama wanabana kitumba kimoja kimoja kwa vidole, miche 3,200, halafu tukaipasua mizizi chini, tukaipanda kwenye mboji na kuimwagilia mbolea ya kukuzia. Salvia nyingi zimetoa machipukizi ya pembeni, nakiri, na zikipewa muda zitafaa. Marigodi hapana. Mpaka leo, wiki ya tatu, ziko urefu wa kidole cha kati, na juu ya kila moja kuna ua lingine, dogo kama kifungo cha shati. Nilimwahidi mwenye hoteli ukuta wa rangi ya chungwa unaofika gotini kabla ya Juni, wageni wa mlima wanapoanza kumiminika. Sasa anapita pale kila asubuhi, ananiangalia, haniulizi kitu. Afadhali angeuliza.

Narudi kwa yule kijana, kwa sababu sikuwaeleza vizuri. Nilikuwa nimesimama, sikupewa kiti. Trei nimeziweka sakafuni. Nyuma yangu alikuwepo mzee mmoja wa Usa River ambaye nilimleta kwenu mimi mwenyewe mwaka jana, amekuja kuchukua kabichi zake. Mbele ya mzee huyo ndipo likachumwa ua, likawekwa juu ya risiti yangu kama vile unavyomwekea marehemu, nikaambiwa nimewahishiwa. Binti wa keshia aligeuza uso ukutani. Mzee akatazama viatu vyake. Mimi nikalitoa lile ua, nikaliweka juu ya meza, nikasema asante. Nilisema asante! Hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Ninachoomba ni trei 15 za marigodi changa, zisizo na kitumba, zenye tarehe ya kusia inayosomeka, zifike Moshi kabla ya Ijumaa ijayo, usafiri juu yenu.

Na ujira wa vijana watatu kwa siku mbili.

Na kwa kuwa nimeandika mpaka hapa na hasira haijapungua, naomba pia yule msimamizi aniandikie barua ya kuniomba radhi kwa mkono wake, si ujumbe wa simu. Ijumaa ikipita, sitaki tena miche. Nitataka fedha yangu yote, pamoja na ya salvia, na barua hii itafika Tume ya Ushindani. Halafu kuna hiyo risiti yenyewe iliyowekewa ua. Ni ya kuandikwa kwa kalamu. Niliomba ya mashine nikaambiwa mashine haina mtandao, na miaka yote sita ninayonunua kwenu mashine hiyo haijawahi kuwa na mtandao. TRA, watu wa kodi, watapenda kuifahamu habari hiyo, nami najua ofisi yao ilipo.

Trei zenu 25 tupu ziko kwangu, zimeoshwa. Hazitoki hapa mpaka gari lenu lije na mzigo.

Wenu mteja wa miaka sita,

(Sahihi)