Khalid bin Barghash aliishi mjini kwetu miaka 20

Mhariri,

Jumapili nilimpeleka mpwa wangu Boma la Kale, pale Sokoine Drive. Yuko darasa la sita. Tukiwa kwenye daladala akanitegea swali la chemshabongo: vita vifupi kuliko vyote duniani vilipiganwa wapi? Sijafungua mdomo akajijibu, "Zanzibar, mjomba, dakika 38!" akaangua kicheko. Nikamuuliza, aliyepigwa siku hiyo aliishia wapi? Akanyamaza.

Aliishia hapa hapa Dar es Salaam, Mhariri, na mji mzima umesahau.

Sayyid Khalid bin Barghash aliingia jumba la kifalme Unguja tarehe 25 Agosti 1896, siku aliyofariki Sultani wa Zanzibar, Sayyid Hamad bin Thuwaini, bila kuwaomba Waingereza ruhusa. Wao walikuwa wameshaiweka Zanzibar chini ya himaya yao tangu 1890 na walikuwa na mtu wao wa kumkalisha kitini. Wakampa Khalid mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 ateremshe bendera. Hakuiteremsha. Saa tatu na dakika mbili manowari zikaanza kulipiga jumba, na kabla ya saa nne watu wapatao 500 walikuwa wamekufa au kujeruhiwa. Hicho ndicho tunachowachekeshea watoto.

Khalid akakimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani. Waingereza wakaweka askari nje wamkamate pindi akikanyaga ardhi ya Unguja. Wajerumani wakasubiri maji makubwa. Tarehe 2 Oktoba bahari ikajaa hadi kwenye geti la bustani ya ubalozi, mashua ya manowari Seeadler ikasogezwa, na Khalid akavuka kutoka getini hadi ndani ya mashua. Hakugusa hata mchanga wa kwao. Akaletwa Dar.

Na Dar hii ni mji wa ami yake, Sayyid Majid, naye aliyekuwa Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1859 Barghash, baba yake Khalid, alijaribu kumpokonya Majid kiti. Waingereza wakasimama na Majid, Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Miaka 37 baadaye mtoto naye anatolewa na Waingereza wale wale, anakuja kuishi chini ya Wajerumani katika mji alioujenga hasimu wa baba yake. Boma la Kale lenyewe ni la zama za Majid. Nilimwambia mpwa wangu aweke kiganja kwenye ule ukuta wa matumbawe, kisha asikilize: honi za boti za Unguja zinasikika pale pale. Leo ni safari ya takriban saa mbili. Khalid alikaa upande huu wa maji miaka 20.

Simpambi. Ukoo wake ulitajirika kwa karafuu na kwa jasho la watumwa, na wengi wa waliouzwa walipitishwa pwani hii yetu. Lakini hilo nalo watoto watalijuaje, ikiwa tumewabakishia dakika 38 tu?

Mwaka 1916 Waingereza waliiteka Dar es Salaam, na mwaka huo huo Khalid akaangukia mikononi mwao. Wakamweka uhamishoni Shelisheli na St. Helena, kisiwa alikofia Napoleon. Mwishowe wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki, akafia Mombasa mwaka 1927, katika mwambao uliokuwa bado ukihesabiwa kuwa wa Sultani wa Zanzibar.

Ombi langu kwa wanaosimamia mambo ya kale ni kibao kimoja, kwa Kiswahili, karibu na bandari, mahali msafiri wa boti atakapokiona: jina lake, miaka aliyoishi hapa, na idadi ya walioumia asubuhi ile. Na wanaotunga chemshabongo za shule waongeze swali la pili: baada ya zile dakika 38, Khalid aliishi wapi?

Msomaji wako,
Ilala, Dar es Salaam