Wataalamu wa usingizi waende ufukweni, lakini watuonyeshe ratiba

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie makongamano ya mafunzo endelevu ya wataalamu wa usingizi na ganzi, hasa yale yanayoandaliwa kwenye hoteli za ufukweni, milimani, au hata ndani ya meli za watalii. Mtu akiona tangazo lenye minazi upande mmoja na orodha ya mada upande wa pili, huguna. Wanaoguna wana haki, lakini nusu tu.

Nusu waliyoikosa ni hii. Kazi ya usingizi haina dakika ya kuchomoka. Mgonjwa akishapewa nusukaputi, aliyempa hawezi kumwacha mpaka azinduke au apokelewe na mwenzake mwenye ujuzi huohuo. Semina ikifanyika hospitalini, simu ya kwanza ya dharura inamchukua mkufunzi, ya pili inachukua nusu ya darasa. Mama mjamzito anayevuja damu hasubiri slaidi ziishe. Wanaobaki kwenye viti ni waliotoka zamu ya usiku, na hao wana usingizi usiohitaji dawa. Kwa hiyo kuwatoa watu kazini, wakalala usiku mzima na wakasoma bila simu kuita, ni jambo lenye maana. Kama mahali penyewe pana bahari, bahari haijamdhuru mgonjwa yeyote.

Kinachomdhuru ni ratiba mbovu, na ratiba ndiyo ninayotaka waajiri na wataalamu wenyewe waisome kabla ya kulipa.

Waanze na hesabu. Kongamano la siku nne lenye masomo kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 6 mchana, likiwa na mapumziko ya nusu saa, linatoa saa nne na nusu kwa siku, yaani saa 18 kwa jumla. Mchana watu waende kuogelea, sina ugomvi; mhadhara wa saa 8 mchana baada ya chakula kizito hausikilizwi. Lakini cheti kikiandikwa saa 24 kwa ratiba hiyo, zile saa sita zimetoka wapi? Marekani, ambako makongamano ya namna hii yameshamiri, pointi moja ya mafunzo ya madaktari hulingana na dakika 60 za kushiriki somo, na hesabu hukadiriwa kwa robo saa. Chai na matembezi ya visiwani hayamo. Mahudhurio nayo yaandikwe kila kipindi, kuingia na kutoka. Pale inaposainiwa karatasi moja asubuhi, ifikapo kipindi cha tatu ukumbi unakuwa wa mzungumzaji na fundi wa vipaza sauti.

Hata zikihesabiwa vizuri, pointi hupima muda ambao mtu amekaa kwenye kiti. Hazisemi kama mikono yake imejifunza kitu.

Chukua dharura inayoogopwa kuliko zote katika fani hii: mgonjwa amelala, mrija wa kupumulia haupiti kooni, na barakoa nayo haiingizi hewa. Hapo inabaki kutoboa shingo kwa mbele. Mwongozo wa Uingereza wa 2015 ulielekeza njia ya kisu, buji na mrija. Buji ni ile fimbo laini inayoongoza mrija. Mkono mmoja unashika kikoromeo kisiyumbe. Kisu chenye wembe namba 10 kinachomwa kwa kukingama kupitia utando ulio chini ya kikoromeo, kisha kinageuzwa nyuzi 90 ili makali yaelekee miguuni. Hakichomolewi bado. Buji inateleza ubavuni mwake hadi iingie sentimita 10 hadi 15, ndipo kisu kitoke. Mrija wenye puto, wa milimita 6.0, uliopakwa jeli, unavishwa juu ya buji na kusukumwa ndani. Buji inatolewa, puto linajazwa, na kapnografia inathibitisha kwa kuonyesha hewa ya kaboni inayotoka. Ikiwa shingo ni nene na utando haupapaswi, kwanza unachanwa mstari wa wima wa sentimita 8 hadi 10 katikati ya shingo, halafu vidole vinatafuta njia.

Kwenye karatasi ni mistari michache. Mkononi, makosa hujirudia. Kisu kinachomolewa kabla ya buji kuingia, tundu linajifunga, na damu inaficha kila kitu. Mrija unasukumwa kwa hofu mpaka unaingia pafu moja. Na kosa kubwa zaidi hutokea kabla kisu hakijashikwa: mtu anarudia kuingiza mrija kwa mdomo mara ya nne na ya tano huku oksijeni ikishuka, kwa sababu hakuna aliyetamka kwa sauti kwamba imeshindikana. Ndiyo maana katika mazoezi saa ya kuhesabia iwashwe pale mwanafunzi anapotamka neno hilo. Ikiwashwa anapogusa kisu, dakika zilizopotea kwa kusitasita hazionekani.

Sasa tuirudie ratiba. Utafiti uliochapishwa 2003 uliwapa madaktari 102 wa usingizi manikini, yaani sanamu ya mazoezi, na seti maalumu ya kutoboa shingo, kila mmoja akijaribu mara 10 mfululizo. Kufikia jaribio la tano, asilimia 96 walimaliza ndani ya sekunde 40. Seti ile ni tofauti na kisu na buji, ila idadi hiyo inatosha kupangia kazi: majaribio matano kwa kila mtu. Ukiweka dakika tatu kwa jaribio, pamoja na kubadilisha ngozi bandia na kupanga upya vifaa, watu watano kwenye manikini mmoja wanahitaji dakika 75. Tangazo linaloahidi mazoezi ya vitendo kwa dakika 45, watu 20, manikini mmoja, linampa kila mtu dakika mbili na robo. Hiyo haitoshi hata jaribio moja. Tena uliza kuhusu ngozi hizo bandia. Watu watano kwa majaribio matano ni mitobo 25. Waandaaji wakileta ngozi tatu, kuanzia mtu wa pili watu wanachomeka kisu kwenye tundu la mwenzao na kushangiliwa.

Kituo cha mazoezi ya kutibu sumu ya dawa za ganzi kinahitaji vifaa vichache, na kwa maoni yangu ndicho hupuuzwa kuliko vyote. Bupivakeini, mojawapo ya dawa hizo za ganzi, ikiingia kwenye mshipa wa damu, mgonjwa anaweza kusikia masikio yakivuma au ulimi ukifa ganzi, kisha degedege, kisha moyo unasimama. Dawa ya kuokoa ni mafuta ya lipidi ya asilimia 20. Kwa mtu wa chini ya kilo 70, anapewa mililita 1.5 kwa kila kilo ndani ya dakika mbili hadi tatu, halafu mililita 0.25 kwa kilo kwa dakika, bila kuvuka jumla ya mililita 12 kwa kilo. Mpe mwanafunzi kalamu bila kikokotoo: mgonjwa ana kilo 60. Anatakiwa aandike mililita 90, kisha 15 kila dakika, na kikomo cha mililita 720. Akifika kwenye kikomo atagundua kwamba chupa moja ya mililita 500 inaweza isitoshe. Kuna mitego miwili hapa. Kwanza adrenalini: katika hali hii dozi huwekwa chini, isizidi mikrogramu moja kwa kilo, yaani 60 kwa mgonjwa wetu, wakati mkono umezoea kuchoma miligramu nzima pale moyo unaposimama. Pili propofoli, ambayo ni nyeupe na imechanganywa na mafuta, hivyo mtu aliyepagawa huidhania mbadala. Mafuta yake ni machache, na yenyewe hushusha shinikizo la damu.

Dantrolini ni somo la idadi ya mikono. Ni dawa ya ile hali ya hatari inayoamshwa na gesi za usingizi au saksametoniamu, dawa ya kulegeza misuli, kwa watu wenye kasoro fulani ya kurithi: kaboni inapanda kwenye monita, misuli inakakamaa, joto linafuata, wakati mwingine kwa kuchelewa. Dozi ya kuanzia ni miligramu 2.5 kwa kilo. Mgonjwa wa kilo 70 anahitaji miligramu 175. Kichupa cha kawaida kina miligramu 20 na huyeyushwa kwa mililita 60 za maji safi ya sindano, yasiyo na chumvi. Hivyo ni vichupa tisa na maji mililita 540, na hiyo ni dozi ya kwanza tu. Unga wake hauyeyuki upesi. Mtu mmoja hawezi kuchanganya huku akifunga gesi, akipandisha oksijeni na kumpoza mgonjwa. Yapo matoleo mapya ya miligramu 250 yanayoyeyushwa kwa mililita 5, ila mtu ajizoeze kwa lile lililo kabatini kwake. Waandaaji wenye akili hukusanya vichupa vilivyopitwa na muda na kuwapa wanafunzi wavivuruge kwa mikono yao. Somo hili likitolewa kwa madaktari pekee limepoteza nusu ya faida, kwa kuwa wachanganyaji watakuwa wauguzi na mafundi wa chumba cha upasuaji. Hao ndio husahaulika majina yanapopelekwa kwa waandaaji.

Mihadhara mingine naipita haraka. Miongozo mipya hubadilika na ni vizuri mtu aisikie, lakini mengi ya hayo angeweza kuyasoma nyumbani. Safari ndefu ihalalishwe na kile kisichoweza kutumwa kwa intaneti: manikini, ultrasaundi, na mkufunzi anayekusimamia begani.

Kuhusu kampuni za dawa na vifaa, sisemi zifukuzwe. Mara nyingi mashine za ultrasaundi kwenye vituo ni zao. Ila mtu ajue anasomeshwa wakati gani na anauziwa wakati gani. Viwango vya ACCME, chombo kinachoidhinisha watoaji wa mafunzo ya madaktari huko Marekani, vinakataza matangazo ya biashara ndani ya chumba cha somo kwa dakika 30 kabla na dakika 30 baada ya somo. Mzungumzaji naye atangaze uhusiano wake wa kifedha na kampuni kabla hajaonyesha slaidi ya kwanza ya somo. Wanaoutangaza kwa slaidi inayopita kama umeme hawajatangaza kitu.

Uchovu wa safari nao hupangiwa. Mwili huzoea tofauti ya majira kwa wastani wa saa moja kwa siku, na kwa wengi kwenda mashariki ni kugumu zaidi. Aliyevuka kanda sita za saa asipewe kisu siku ya kwanza. Siku hiyo iwe ya mihadhara mifupi, vituo vya mazoezi vianze ya pili. Akirudi, asipangwe zamu ya usiku siku anayoshuka kwenye ndege. Linaonekana dogo, lakini wapanga zamu hulifanya kila mara, wakisema ametoka mapumziko. Na mwajiri anayelipia siku nne za masomo alipie hizo nne. Siku tatu za kubaki na familia ziwe za mfuko na likizo ya mhusika, na ziandikwe hivyo, ili minong'ono ipungue.

Kisha kuna suala la baada ya kurudi, ambalo waandaaji wengi hawaliandiki popote. Stadi za mikono ambazo hazitumiki huanza kufifia ndani ya miezi mitatu hadi sita. Na kutoboa shingo ni jambo ambalo mtaalamu anaweza kumaliza miaka mingi asilifanye kwa mgonjwa hata mara moja. Hakuna kongamano la mwaka mmoja mmoja litakaloziba pengo hilo. Linazibwa na zoezi la dakika 15 ndani ya chumba chenyewe cha upasuaji, kila robo mwaka, kabla orodha ya wagonjwa haijaanza, likiongozwa na yule aliyesafiri. Anahitaji kisu, buji, mrija, kipande cha bomba laini lililofunikwa kitambaa, na wenzake watatu. Atakayerudi na cheti pekee aulizwe asubuhi ya kwanza: chupa za lipidi ziko kabati gani, ni ngapi, na usiku ufunguo anao nani?

Wako,
Mtaalamu wa usingizi na ganzi