Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya yetu: lile daraja la maporomoko liko wapi?

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Shikamoo.

Rejea kichwa cha habari hapo juu. Utaniwia radhi kwa mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa hogo tangu Jumamosi.

Njia yetu unaijua, maana ulikuja mwenyewe kabla ya masika ya mwaka jana. Hapa kwenye miteremko ya Kilimanjaro hakuna matembezi mepesi kama haya: unapanda taratibu katikati ya migomba na mibuni, unafika kwenye maporomoko, unavuka mto, kisha unarudi kwa ng'ambo ukifuata mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia mashamba, hadi ulipoanzia. Hata wewe ulivaa viatu vya ofisini na ulirudi navyo visafi. Ulisimama kwenye lile jabali jeusi, ukapigwa picha, ukasema magogo yameoza na daraja la chuma litakuwepo kabla ya mvua. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga sana.

Masika yakaja, yakaenda, yamekuja tena. Kilichojengwa ni kibao. Kizuri, kina jina la mradi, na kimesimikwa kwa zege. Zege hilo lingesogea hatua chache tu mbele, lingekuwa mtoni.

Jumamosi nilikuwa na wageni wanne, mmoja mama mtu mzima. Gogo la kwanza likatubeba. La pili likalia. Nilimsukuma mama nyuma, akaangukia ukingoni. Mimi nikaenda na gogo. Jiwe la volkano, Mheshimiwa, limejaa vitundu na linakwaruza kama mbuzi ya nazi. Mfupa ukavunjika mara mbili.

Mhandisi wako aliwahi kuniambia ukingo hauaminiki. Kweli. Juu ni lava ngumu, chini ni majivu ya kale yaliyoshikana, na maji yanayala kila siku. Bila hivyo pengine tusingekuwa na maporomoko yenyewe. Lakini ukingo ulikuwa hivyohivyo siku ya makofi. Wapo wanaosema fedha zilihamishiwa kwingine. Mimi nadhani faili limekaliwa na mtu. Sitasema zimeliwa, hogo moja linanitosha.

Sasa wageni wanafika kwenye maji na kurudi walikotoka. Mama wa ng'ambo anayekaanga na kutwanga kahawa mbele yao hajawasha moto tangu siku ile. Mimi siongozi mtu, na ada ya mwanangu inadaiwa. Nimekuja ofisini kwako mara tatu. Mara zote uko kikaoni.

Wageni huwa nawaeleza kwamba kati ya volkano tatu za mlima wetu, Shira na Mawenzi zimekufa, lakini Kibo imelala tu, kule kreta bado inatoa mvuke wenye harufu ya kiberiti. Ofisi yako haijatoa hata jibu.

La chuma siliombi tena. Kibao nacho kibaki, hakimdhuru mtu. Naomba mbao na misumari. Daraja la miguu, Mheshimiwa, la mtu mmoja mmoja kupita. Mafundi tunao kijijini, na mikono ya kubeba ipo. Wangu ni mmoja kwa sasa, lakini upo.

Wako mtiifu,
Mwongoza wageni aliyekushika mkono ulipovuka